Festo Kivengere: Askofu aliyevuka mpaka kwa miguu na kuiacha chuki njiani

Kwenye vibanda na maduka ya Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, bei hutajwa kwa lugha nyingi lakini mara nyingi hufungwa kwa Kiswahili. Mnyarwanda, Mrundi, Mkongomani na Msomali hukutana hapo na Mnyankore aliyetoka Mbarara na sabuni, nguo na mafuta ya kupikia. Mahindi na maharage yanatoka, bidhaa za mjini zinaingia. Wengi wa wanaouza hapo waliwahi kuvuka mpaka usiku, mikono mitupu, wakiacha nyuma nyumba, mifugo na madeni ambayo hawatayadai tena.

Kati ya watu mashuhuri wa kusini-magharibi mwa Uganda, yuko mmoja aliyeijua safari hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alivuka kuingia Rwanda usiku mmoja wa Februari 1977, akimkimbia Idi Amin. Amekufa miaka mingi iliyopita, lakini swali alilovuka nalo bado linavuka kila siku Katuna, Mutukula na Bunagana: mtu aliyedhulumiwa aifanye nini chuki aliyoibeba kifuani? Jibu lake lilianzia kwenye dhamiri ya mtu mmoja, likapita katika mwenendo wa kila siku, likaishia mbele ya mtawala. Hakulipata jibu hilo vitabuni. Lilimgharimu.

Mchunga ng'ombe wa Rujumbura

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rujumbura, katika eneo ambalo leo ni Rukungiri. Watu wake walikuwa Wahororo, wafugaji wa ng'ombe, na ukoo wake ulihusiana na watawala wa zamani wa nchi hiyo. Alichunga ng'ombe kabla ya kushika kalamu. Shule ya misheni ilimfundisha kusoma, na baadaye akawa mwalimu.

Elimu ilimpa kazi na heshima, lakini imani aliyobatizwa nayo ilimtoka polepole. Aliporudi nyumbani kufundisha alikuwa kijana mwenye kiburi cha usomi, mpenda pombe, asiyetaka kusikia habari za kanisa. Alikuwa pia na chuki dhidi ya Wazungu waliotawala nchi yake. Chuki hiyo haikukosa sababu, kwa kuwa ukoloni uliwadharau wenyeji kwa maneno na kwa vitendo. Lakini ilikuwa imekaa ndani yake hadi ikawa sehemu ya tabia.

Wakati huo, jambo geni lilikuwa limeanza upande wa pili wa mpaka. Katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, daktari Mwingereza Joe Church alikuwa akifanya kazi na Waafrika waliochoshwa na dini ya mazoea. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Church alikutana na Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali. Wawili hao walikaa pamoja kusoma Biblia na kuomba. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na Yosiya Kinuka, mwana wa Ankole aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, nao wakawa miongoni mwa wa kwanza wa kundi hilo. Mwaka 1935 waliletwa kuhubiri Kabale, na moto ukashika Kigezi yote.

Waganda waliwaita wafuasi hao balokole, yaani waliookolewa. Neno hilo lilivuka mipaka pamoja nao, na ndilo lililoingia katika Kiswahili kama walokole. Wanaolitumia leo Mwanza au Nairobi wanatamka neno la Kiganda lililosafiri katika njia zile zile za biashara.

Daftari la moyoni

Kilichowashtua watu katika uamsho huo hakikuwa nyimbo wala vilio. Kilikuwa tabia ya kutaja kosa kwa jina lake mbele ya aliyekosewa, kisha kulipa. Mtu aliyeiba ng'ombe alimrudisha. Aliyemdanganya mwenye duka alirudi na fedha. Machifu na maofisa wa serikali walishangaa kuona watu wakileta kodi waliyoikwepa miaka iliyopita, bila kukamatwa na yeyote. Mume alimwomba mke wake msamaha mbele ya watu, jambo ambalo wengi waliliona ni kujivunjia heshima.

Kivengere alilidharau jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1941, rafiki yake, naye mwalimu, alimjia kwa baiskeli akiwa na uso wa furaha. Alimweleza kwamba amempokea Yesu, kisha akamwomba msamaha kwa makosa mahususi aliyomtendea, akiyataja moja baada ya jingine. Kivengere hakupata la kujibu. Hoja za kupinga mahubiri alikuwa nazo nyingi, lakini hakuwa na hoja ya kumpinga mtu anayelipa deni ambalo hakuna aliyelidai. Siku hiyo hiyo alipiga magoti peke yake nyumbani.

Yaliyofuata ndiyo yaliyompa njia ya maisha yake yote. Alikumbuka Mwingereza mmoja aliyemchukia. Akapanda baiskeli, akaendesha maili hamsini hadi nyumbani kwa Mwingereza huyo, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia na kwamba amekuja kuomba msamaha. Mzungu huyo hakuwa ameomba lolote. Wala Kivengere hakwenda kusema kwamba ukoloni ni mzuri. Alikwenda kwa sababu chuki ilikuwa yake, imeandikwa katika daftari lake, na hakuna mtu mwingine angeweza kuifuta kwa niaba yake.

Hapo ndipo ulipo msingi wa fikra zake. Kwa Kivengere, dhamiri haikuwa chombo cha kupimia makosa ya jirani. Ilikuwa taa ya kujimulika kwanza. Mtu akijiona alivyo, bila kujipamba, huanza kumwona mwenzake kuwa binadamu kama yeye, hata akiwa mtawala, hata akiwa adui. Baada ya kuona, lazima atende: arudishe, aombe radhi, aseme kweli. Na akishazoea kusema kweli nyumbani na sokoni, hawezi tena kunyamaza mbele ya serikali inayoua. Dhamiri, maadili na siasa vilikuwa kwake hatua za njia moja, na mtu hawezi kuruka ya kwanza akafika ya tatu.

Kiswahili cha Dodoma

Mwaka 1946 Kivengere na mkewe Mera walihamia Tanganyika. Kwa zaidi ya miaka kumi alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance, Dodoma. Hakwenda kama askofu wala kasisi. Alikwenda kama mwalimu mlei, mgeni miongoni mwa Wagogo, akahubiri siku za mapumziko. Huko ndiko alikokikomaza Kiswahili chake, na kikawa lugha iliyomfungulia Afrika Mashariki nzima. Mhubiri Mmarekani Billy Graham alipofika Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyemtafsiria kwa Kiswahili mbele ya umati mkubwa.

Miaka hiyo ilionyesha pia gharama ya fikra za walokole katika siasa. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo. Wengi wao walikataa vilevile kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Walionekana wasaliti na watu waliotamani uhuru, na walionekana wakaidi na serikali.

Fikra hizo zilikuwa na udhaifu wake. Walokole wengi waliona siasa kuwa uchafu wa kuepukwa. Walirudisha kuku aliyeibwa, lakini walinyamaza nchi ilipoibwa. Kivengere alikulia katika mazingira hayo, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa mahubiri zaidi kuliko mambo ya nchi. Alirudi Kigezi mwaka 1959 kusimamia shule, akasoma theolojia Pittsburgh, Marekani, katika miaka ya 1960, akawekwa wakfu kuwa kasisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na Michael Cassidy wa Afrika Kusini kueneza African Enterprise katika Afrika Mashariki, shirika la wahubiri weusi na weupe waliofanya kazi pamoja wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria Afrika Kusini. Desemba 1972 akawa Askofu wa Kigezi.

Wakati huo Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyechukua madaraka kwa mapinduzi ya Januari 25, 1971.

Uwanja wa Kabale

Miezi miwili tu baada ya kuwekwa askofu, Februari 10, 1973, watu watatu wa Kigezi waliletwa katika uwanja wa Kabale kupigwa risasi hadharani. Serikali ilitaka watu waone na waogope. Biashara zilifungwa na maelfu walikusanywa. Kivengere aliomba ruhusa ya kusema na watu hao kabla hawajafa, akapewa. Alikwenda akiwaza atawaambia nini watu waliobakiwa na dakika chache.

Hakuhitaji kuwaambia mengi. Walimpokea kwa nyuso za amani, wakamweleza kwamba gerezani wamepata msamaha wa Mungu, na wakamtuma awaambie jamaa zao. Walipungia umati mikono yao yenye pingu. Kisha bunduki zikalia. Hofu iliyokusudiwa haikuwaingia watu kama ilivyopangwa. Kwa Kivengere, siku hiyo ilionyesha kwamba serikali inaweza kuumiliki mwili wa mtu na bado isiifikie dhamiri yake. Ilionyesha pia kwamba askofu hawezi kuendelea kuhubiri toba kwa wezi wa mbuzi huku akiwanyamazia wanaoua.

Februari 1977

Kanisa la Anglikana la wakati huo lilikuwa na jimbo moja lililounganisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kiongozi wake alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi, naye mlokole. Mapema Februari 1977 askari waliivamia nyumba ya Luwum usiku wa manane, wakidai kutafuta silaha. Maaskofu walikutana, wakaandika barua ya kumkabili Amin juu ya mauaji, watu kutoweka na wenye bunduki kujifanya sheria. Katika nchi ambayo watu walipotea kwa kosa dogo kuliko hilo, kila aliyetia sahihi alijua anaweka nini rehani.

Februari 16 waliitwa Kampala. Mbele ya viongozi na wanajeshi, silaha zilitandazwa uwanjani na ikadaiwa kwamba Luwum alishiriki njama ya kuipindua serikali. Askari walipiga kelele wakitaka wauawe. Baadaye maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Kivengere alingoja nje akitumaini kuondoka naye, hadi alipoamriwa kwenda zake. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Maelezo hayo hayakuaminiwa. Mwili wa askofu mkuu ulipelekwa kwao Acholi, na waliouona walikuta alama za risasi.

Festo na Mera walisafiri kurudi nyumbani kwa barabara ndefu ya Masaka na Mbarara hadi Kabale. Walipofika waliambiwa kwamba askari wamekuja kumtafuta. Waumini walimsihi akimbie, kwa kuwa askofu mmoja aliyeuawa katika juma hilo alitosha. Usiku ule ule waliondoka, kwanza kwa gari, kisha kwa miguu, wakipanda milima gizani. Kulipopambazuka walikuwa ndani ya Rwanda. Mtu aliyeongoza dayosisi nzima alikuwa sasa mkimbizi.

Safari hiyo ilikwenda kinyume cha ile iliyoijaza Nakivale. Kuanzia mwaka 1959 Wanyarwanda walikimbia machafuko kwao wakaingia Ankole, na makazi yakafunguliwa kandokando ya ziwa Nakivale kuwapokea. Sasa Mganda alikimbilia Rwanda. Katika kona hii ya Afrika, mwenyeji wa leo amekuwa mgeni wa kesho zaidi ya mara moja.

Msamaha ulioudhi

Uhamishoni, Kivengere aligundua kwamba amevuka na mzigo ambao hakuupanga. Alimchukia Amin. Alikuwa na kila sababu: rafiki yake ameuawa, watu wake wanawindwa, yeye na mkewe wamekosa nyumba. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977, akiwa kanisani London, alisikia tena habari ya Yesu kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Aliona kwamba yule mwalimu kijana wa mwaka 1941 amerudi. Chuki ilikuwa na sababu nzuri kuliko ile ya zamani, lakini ilimla kwa namna ile ile. Akaamua kumsamehe Amin. Mwaka huo huo akatoa kitabu chenye jina lililowashangaza wengi, kikitangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Neno hilo halikuwa jepesi kwa wajane na mayatima wa Uganda. Mtu anaweza kuuliza ni haki gani aliyonayo mmoja kusamehe damu ya wengine. Jibu la Kivengere lilikuwa katika matendo. Kitabu kile kile kilichotangaza upendo kilieleza mauaji kwa majina na tarehe. Alizunguka Ulaya na Marekani akieleza serikali ya Amin inafanya nini. Kwake, kusamehe hakukuwa kusema kosa halikutokea. Alisamehe deni lililokuwa lake, na akaendelea kutaja waziwazi yaliyokuwa ya taifa. Alipoulizwa angefanya nini kama angekaa na Amin akiwa ameshika bunduki, alijibu kwamba angempa Amin bunduki hiyo, kwa kuwa hiyo ni silaha ya Amin, si yake.

Pamoja na maneno alileta msaada. Kupitia African Enterprise alisaidia kuanzisha mpango wa kuwahudumia na kuwasomesha wakimbizi wa Uganda, uliopewa jina la RETURN, maana yake kurudi. Jina hilo lilibeba nia: mkimbizi asomeshwe ili siku moja akajenge kwao.

Mbarara na deni la kisasi

Ukweli ni kwamba Amin hakuondolewa na msamaha. Aliivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda likamfuata hadi Kampala, iliyoanguka Aprili 11, 1979. Wapo wanaoona kwamba historia ilichagua bunduki na kuiacha njia ya Kivengere pembeni.

Mbarara inaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Mji huo ulitekwa mwishoni mwa Februari 1979, na majengo yake mengi yalibomolewa kulipiza yaliyofanywa na askari wa Amin Kagera. Wenye maduka wa Mbarara hawakuivamia Kagera, lakini wao ndio waliolipa. Oktoba 1982, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika wilaya ya Mbarara, ng'ombe wakachukuliwa, nyumba zikabomolewa. Maelfu walisukumwa kuvuka kwenda Rwanda, na maelfu wengine wakabanwa Nakivale na Oruchinga. Utawala wa Amin ulikuwa umekwisha, lakini desturi ya kumtoza mtu deni la kabila lake ilibaki. Hilo ndilo Kivengere alilolihofia: kwamba serikali hubadilika kwa siku moja, na moyo uliozoea kulipiza hubaki na kazi yake.

Yeye alirudi Uganda mwaka 1979, mara baada ya Amin kuanguka. Hakuchukua cheo cha siasa. Alirudi Kigezi kuhubiri upatanisho katika nchi iliyokuwa bado inamwaga damu. Ujasiri wake haukuishia kwa watawala. Mwaka 1983 aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi, kabla kanisa zima la Uganda halijafanya hivyo. Wapo wenzake waliokasirika. Kwake lilikuwa jambo la dhamiri ile ile: aliyewaona wanawake wakibeba kanisa miaka yote hakuweza kujifanya hajaona.

Kivengere alifariki Nairobi Mei 18, 1988, kwa saratani ya damu. Alizaliwa Uganda, akajifunza toba kutoka kwa uamsho ulioanzia Rwanda, akakikomaza Kiswahili chake Tanzania, akafia Kenya. Mwili wake ulirudishwa nyumbani, ukazikwa Kabale, mji ulio kwenye barabara ya malori kutoka Mbarara kwenda mpaka wa Katuna, si mbali na milima aliyoipanda gizani pamoja na Mera.